Kipimajoto cha Garini: Joto la Nini Hasa?

Safari moja ya mwezi Februari ilituletea ubishi ambao haukuisha mpaka tulipofika Lushoto. Tulikuwa kwenye Coaster ya kukodi, mafrateri na walezi, tukitoka Korogwe kupandisha milimani. Saa nane mchana tukasimama Makuyuni kununua maji. Makuyuni ninayoisema ni hii ya Korogwe, iliyo bondeni kando ya barabara kuu ya kuelekea Mombo, Same na Moshi. Siyo ile ya Monduli, mkoani Arusha.

Dereva, mzee wa makamo aliyeizoea njia hiyo, akatazama dashibodi na kusema, "Jamani, leo ni nyuzijoto 41!"

Frateri mmoja akatoa simu. "Mzee, hapa panaonyesha 33."

Mwingine, anayefundisha sayansi, alikuwa na kipimajoto cha maabara kwenye begi. Akakitoa nje ya dirisha, akangoja kidogo, akasoma 38. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Frateri, gari halina sababu ya kudanganya," dereva akasema.

"Na simu je, mzee? Yenyewe ina sababu gani?"

Tukaondoka. Baada ya kama robo saa barabarani, dereva akatuita tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Haya, sasa linasoma 36." Tulikuwa bado bondeni, jua ni lile lile, na hatujaanza kupanda mlima. Nyuzijoto 5 zilikuwa zimekwenda wapi?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Mzee wetu alisema kweli: gari halikuwa na sababu ya kudanganya. Simu nayo haikuwa nayo, wala kipimajoto cha maabara. Kila kimoja kilijibu swali lake, na kosa lilikuwa letu sisi tulioyachukua majibu matatu ya maswali matatu tukadhani ni swali moja.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtu anaweza kuuliza: nyuzijoto 5 zikizidi au zikipungua kwenye dashibodi, nani anaumia? Mara nyingi hakuna. Lakini fikiria mama anayesafiri na dawa ya mwanawe. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi zitunzwe chini ya nyuzijoto 30, na insulini huharibika ikikaa kwenye joto kali bila kuonyesha dalili yoyote ambayo jicho litaiona. Mama huyo akiona dashibodi ya basi inasoma 29 wakati wanakaribia Soni, atatulia. Kumbe begi liko kwenye buti, juu ya bati lililopata moto, au karibu na injini. Namba aliyoiona ilikuwa sahihi kwa sehemu fulani ya gari. Dawa ilikuwa sehemu nyingine.

Fikiria pia mabishano yetu ya siku hizi juu ya mabadiliko ya tabianchi. Msimu wa joto ukifika, picha za dashibodi husambaa kwenye simu: 43, 45, hata 47. Mmoja anasema dunia inaungua. Mwenzake anatuma picha ya asubuhi iliyopoa na kusema hakuna kilichobadilika. Jambo lenyewe ni kubwa na la kweli, lakini ushahidi wa namna hiyo hautetei upande wowote. Anayejenga hoja ya kweli juu ya kipimo kibovu huwapa wapinzani wake jiwe la kumpigia.

Na zaidi ya hayo, vipimo vya njiani tunavihitaji. Vituo vya hali ya hewa haviwezi kuwekwa kila kijiji, ilhali katika nchi kama yetu, kutoka bonde la Mto Pangani hadi vilele vya Usambara, hali ya hewa hubadilika ndani ya mwendo wa saa moja. Gari lenye kipimajoto kizuri linaweza kutueleza mambo ambayo kituo kimoja hakiwezi. Kwa hiyo tusivitupe vipimo vya garini. Tujifunze kuvisoma.

Kipimajoto hupima joto lake chenyewe

Hili ndilo neno la kushika katika makala nzima. Kipimajoto hakijui hewa ni nini. Kinachokijua ni joto lake chenyewe, na hilo ndilo kinalokuonyesha. Kikiwa kimeguswa na hewa peke yake kwa muda wa kutosha, joto lake na joto la hewa huwa sawa, nasi tunasema tumepima hewa. Lakini kikipigwa na jua, kikiwa karibu na injini, kikilowa maji, au kikiwa bado hakijasahau mahali kilipotoka, kitakuonyesha mchanganyiko wa hayo yote.

Jina Makuyuni linatukumbusha mikuyu, na kivuli cha mkuyu ni mwalimu mzuri hapa. Ukitoka juani ukaingia kivulini unasikia nafuu kubwa, na unadhani hewa ya kivulini imepoa sana. Kwa kweli hewa ya pande zote mbili hutofautiana kidogo tu, maana upepo huichanganya. Kilichobadilika zaidi ni kwamba mwili wako umeacha kupokea miali ya jua. Kipimajoto nacho hupokea miali hiyo hiyo. Ndiyo maana wataalamu husema joto la hewa lipimwe kivulini, mahali penye upepo wa kutosha, kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini.

Kwa ajili hiyo kipo kile kisanduku cheupe chenye mbao za mshazari tunachokiona kwenye vituo vya hali ya hewa na katika baadhi ya shule: kibanda cha Stevenson. Kimepewa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti na baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyekieleza mwaka 1864. Rangi nyeupe hurudisha miali ya jua, na mbao za mshazari huruhusu hewa kupita huku zikizuia jua na mvua. Sasa chukua kipimajoto hicho, ukitoe kwenye kibanda chake, ukifunge kwenye gari, ukimbize kilomita 80 kwa saa juu ya lami. Kila kinga iliyokuwepo imeondoka.

Kosa la kwanza: mahali kilipofungwa

Katika magari mengi, kihisi cha joto, yaani kile kifaa kidogo kinachopeleka habari kwenye dashibodi, hufungwa nyuma ya bampa la mbele au kwenye kioo cha pembeni. Kikiwa kwenye bampa kiko chini sana, pengine nusu mita kutoka kwenye lami, na rejeta iko jirani.

Lami nyeusi ikipigwa na jua la mchana inaweza kuzidi nyuzijoto 60. Hewa inayoigusa hupata moto mkali, na kadiri unavyopanda juu hata kwa kimo cha mtoto, moto huo hupungua. Yale mazigazi tunayoyaona mbele ya gari, kama dimbwi la maji lisilofikika, ni kazi ya tabaka hilo la hewa ya moto: linapinda mwanga wa anga hata tuone kama maji. Kihisi cha bampa husafiri ndani au karibu sana na tabaka hilo.

Gari likiwa linakwenda, upepo wa mbele husukuma joto la injini kurudi nyuma, na hewa mpya hufika kwenye kihisi. Gari likisimama, upepo huo hukoma. Joto la rejeta na injini huenea pande zote, na kihisi huanza kupima injini badala ya Makuyuni. Hilo ndilo lililotukuta. Ile 41 ya mzee wetu ilikuwa ya gari lililosimama juani na injini ya moto. Tulipoondoka, hewa ya njiani ikakiosha kihisi, na namba ikashuka hadi 36.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Tukitaka kusoma kipimo tunapenda kusimama, maana tukisimama tunaona vizuri na namba imetulia. Kwa kipimajoto cha garini, kituo ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Vivyo hivyo foleni kwenye mizani, kizuizi cha polisi, na kufuata lori kwa karibu huku moshi wake ukikupuliza.

Kosa la pili: jua

Frateri wetu alikitoa kipimajoto nje ya dirisha upande wa jua. Kioo chake na kimiminika kilichomo vilipokea miali moja kwa moja, na bati la gari lililokuwa na moto likaongeza lake. Kwa hiyo ile 38 ilikuwa joto la hewa pamoja na zawadi ya jua.

Kosa hili linaweza kufika nyuzijoto kadhaa wakati hewa imetulia. Upepo ukipita kwa nguvu hulipunguza, kwa sababu hewa nyingi inayokigusa kipimajoto hukichukulia joto la ziada. Hili ni jambo moja ambalo mwendo wa gari hutusaidia. Mjerumani Richard Assmann aliitumia kanuni hiyo mwishoni mwa karne ya 19 alipotengeneza kipimajoto ndani ya mirija inayong'aa, chenye feni ndogo ya kuvuta hewa. Mirija huzuia jua, feni huleta hewa. Mpaka leo vifaa bora vya kupimia hewa hufuata njia hiyo.

Kosa la tatu: uchelewaji

Haraka haraka haina baraka, na kipimajoto ni shahidi. Hakuna kipimajoto kinachobadilika papo hapo. Kikihamishwa kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, hufuata kwa kuchelewa: haraka mwanzoni, halafu polepole. Wataalamu huutaja uchelewaji huo kwa muda ambao kipimajoto hutumia kumaliza asilimia 63 ya safari yake kuelekea joto jipya. Kihisi chembamba kama uzi hutumia sekunde chache. Kipimajoto cha kioo chenye tumbo nene, au kihisi kilichofunikwa plastiki, kinaweza kutumia dakika moja au zaidi.

Tuseme unakwenda kilomita 80 kwa saa bondeni, nawe unakatiza ukanda wa miti kando ya mto wenye upana wa mita 200. Tuseme hewa ya pale ni baridi kwa nyuzijoto 3 kuliko ya mashambani. Kwa mwendo huo utaupita ukanda wote kwa sekunde 9. Kipimajoto chenye uchelewaji wa dakika moja kitakuwa kimeshuka kwa nyuzijoto 0.4 tu, nawe utaandika kwamba miti haina faida yoyote. Mwenzako mwenye kihisi cha sekunde 5 ataona kimeshuka nyuzijoto 2.5. Miti ni ile ile, hewa ni ile ile, lakini mmoja amepata ushahidi wa kuilinda na mwingine ushahidi wa kuikata.

Mlimani kosa hili huja kwa sura nyingine. Kwa wastani hewa hupoa nyuzijoto 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na siku kavu yenye jua kali inaweza kukaribia 10. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda takriban mita 1,000. Ukitumia saa moja, hewa inayokuzunguka inapoa kama nyuzijoto 0.1 kila dakika. Dashibodi inayochelewa dakika 5 itakuwa nyuma kwa nyuzijoto 0.5 njia nzima: unapopanda itasoma zaidi ya kweli, na unaposhuka itasoma chini ya kweli. Pale pale Soni, utaandika namba mbili zinazotofautiana kwa nyuzijoto 1, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hata kama hewa haikubadilika hata kidogo.

Tuongeze kwamba magari mengi yamepangwa kwa makusudi yachelewe kupandisha namba, ili dereva asione inarukaruka kila anaposimama. Mtengenezaji hakukosea. Alitaka kumwonya dereva wa nchi za baridi juu ya barafu barabarani, hakuwa na mpango wa kutengeneza kituo cha hali ya hewa.

Kosa la nne: mwendo wenyewe

Hewa inayokimbia ikigonga kitu na kusimama, nguvu ya mwendo wake hugeuka joto. Kwa gari, kosa hili ni dogo. Kwa kilomita 80 kwa saa haliwezi kuzidi nyuzijoto 0.25, na kwa kilomita 100 kwa saa ni kama nyuzijoto 0.4. Lakini hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, kosa huwa mara nne.

Kwa hiyo ndege ya abiria inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupata nyongeza inayokaribia nyuzijoto 30. Hewa ya nje ikiwa na baridi ya nyuzijoto 50 chini ya sifuri, kihisi chake hujisikia kama kiko kwenye 20 chini ya sifuri. Kompyuta ya ndege hulipiga hesabu kosa hilo na kulitoa kabla ya kuonyesha joto la nje. Ndiyo sababu vipimo vya ndege hutumika katika utabiri wa hali ya hewa duniani kote bila wasiwasi. Kosa kubwa linalojulikana halina madhara kama kosa dogo lisilojulikana.

Kosa la tano: maji

Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua kwamba kitu kinachotoa unyevu hupoa. Maji yanayopenya kwenye udongo wa mtungi hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Kihisi kilicholowa mvua, au kilichorushiwa maji ya dimbwi, hugeuka mtungi. Kwa muda hakipimi tena joto la hewa, bali joto la kitu kilicholowa, ambalo siku ya hewa kavu linaweza kuwa chini kwa nyuzijoto nyingi. Mvua ikikatika na jua likarudi, ndipo mtu anaweza kudanganyika zaidi: barabara imekauka, anga ni jeupe, lakini ndani ya bampa bado kuna matone.

Kosa la sita: saa inayosonga

Kosa hili halimo ndani ya kipimajoto wala ndani ya gari, na kwa sababu hiyo wengi hulisahau. Tuseme umeondoka Makuyuni saa 2 asubuhi kukiwa na nyuzijoto 25, ukafika Lushoto saa 4 ukasoma 22. Unaandika: tofauti ni nyuzijoto 3. Lakini jua halikukungoja. Tuseme saa 4 hiyo hiyo Makuyuni imeshafika 29. Tofauti ya kweli kati ya sehemu mbili kwa wakati mmoja ni nyuzijoto 7, na wewe umepoteza zaidi ya nusu yake njiani. Msafiri hubadilisha mahali na wakati kwa pamoja, na kipimajoto hakiwezi kumwambia kipi kimeleta nini.

Na ile namba ya simu?

Tumeifikia ile 33. Namba ya hali ya hewa kwenye simu kwa kawaida haipimwi na simu. Huletwa na intaneti, nayo ni makadirio ya kompyuta kwa eneo lenye upana wa kilomita kadhaa au zaidi, yakisaidiwa na vituo vilivyo karibu na mbali. Inaweza kuwa karibu na kweli, lakini haikuwahi kuwa Makuyuni kando ya barabara saa nane mchana. Na hata kama simu yako ina kihisi cha joto ndani, mara nyingi hicho hulinda betri, na hupima mfuko wako wa suruali kuliko kinavyopima hewa.

Waliotangulia kufanya vizuri

Usidhani kwamba makosa sita ni sababu ya kukata tamaa. Usiku wa tarehe 12 Mei 1927, wenyeji wa Vienna, mji mkuu wa Austria, walipata jalidi kali. Mwanasayansi Wilhelm Schmidt alifunga kipimajoto kwenye gari, akazunguka mji usiku huo akiandika. Aliweza kuonyesha wazi jinsi katikati ya mji kulivyokuwa na joto kuliko pembezoni. Kuanzia hapo njia yake ikafuatwa na wengi. Katika miaka ya 1960, T. J. Chandler alizunguka London kwa gari kwa namna hiyo hiyo kuchunguza joto la jiji.

Angalia jambo moja katika safari ya Schmidt: alikwenda usiku. Usiku hakuna jua la kupiga kipimajoto, lami imepoa, na joto la hewa hubadilika polepole kuliko asubuhi. Kabla ya kusahihisha makosa kwa hesabu, aliyaepuka kwa kuchagua saa.

Tukitaka kupima kutoka Makuyuni hadi Lushoto

Shule, kikundi cha wakulima au jumuiya yoyote inaweza kuifanya kazi hii bila gharama kubwa. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Kwanza, kagua vipimajoto kabla ya safari. Ponda barafu, ichanganye na maji kidogo safi kwenye kikombe, koroga, ingiza kipimajoto ungoje. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1, andika, na utoe 1 kwenye vipimo vyako vyote. Kisha viweke vyote pamoja kivulini uone kama vinakubaliana.

Pili, kitengenezee kivuli chake. Chukua vipande viwili vya bomba la plastiki, kimoja kinene na kimoja chembamba, ukiingize chembamba ndani ya kinene bila kugusana, upake cha nje rangi nyeupe. Kihisi kikae katikati, na matundu yaelekee mbele ili hewa ipite. Kifunge juu ya paa upande wa mbele, kikiwa kimeinuliwa mbali na bati, kamwe siyo nyuma ya injini wala karibu na ekzosi. Kwenye basi kitakaa juu ya mita 2, kwa hiyo andika kimo chake ili wote watakaosoma wajue.

Tatu, chagua kihisi chembamba chenye kujibu haraka. Kama huna, punguza mwendo kabla ya kila mahali unapotaka kupapima.

Nne, andika kila dakika: saa, mahali, mwendo, jua au wingu, mvua, na kila mara gari liliposimama. Vipimo vya kusimama na vya dakika chache baada ya kuondoka viwekee alama, usivitumie. Mwandishi awe abiria. Dereva kazi yake ni barabara, hasa kwenye kona za Soni.

Tano, mwache mwenzako Makuyuni na kipimajoto cha aina ile ile, kivulini na penye upepo, aandike kila robo saa. Yeye ndiye atakayekuambia jua lilifanya nini bondeni ulipokuwa mlimani.

Kama huna mwenzako, rudi kwa njia ile ile kwa mwendo ule ule. Tuseme umetoka Makuyuni saa 2:00, ukapita Soni saa 3:00, ukafika Lushoto saa 3:30 na kugeuza papo hapo. Soni utaipita tena saa 4:00, na Makuyuni utafika saa 5:00. Chukua wastani wa kwenda na kurudi kwa kila mahali. Utaona kwamba wastani wa saa ni 3:30 kwa sehemu zote. Umefanya kana kwamba ulikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, mradi joto la asubuhi lilipanda kwa kadiri moja. Na kosa la uchelewaji, lililozidisha ulipopanda na kupunguza uliposhuka, nalo hufutana. Kosa la jua na la injini haliondoki kwa njia hii. Hayo dawa yake ni kivuli na mahali pazuri pa kufunga.

Neno la mwisho

Tulipofika Lushoto jioni ile, hewa ilikuwa imepoa na mafrateri wengine walishavaa masweta. Mzee wetu akazima gari, akatazama dashibodi, akacheka: namba ilikuwa imeanza kupanda tena. "Hii sasa ni injini," akasema. Hakuhitaji mhadhara. Safari ilikuwa imeshamfundisha, nasi pia.

Ndugu msomaji, ukiona namba ya joto, iwe kwenye basi, kwenye simu au kwenye picha uliyotumiwa, usianze kwa kuuliza kama ni ya kweli au ya uongo. Uliza: ni joto la nini? Lilipimwa wapi, saa ngapi, kivulini au juani, gari likienda au limesimama? Mama mwenye dawa akiuliza hivyo, ataihamisha kutoka kwenye buti na kuishika kwenye kikapu chenye kitambaa kibichi. Mwanafunzi akiuliza hivyo, ataandika ushahidi ambao hata asiyekubaliana naye atalazimika kuuheshimu.